Kabla hujampandisha mwanao rola kosta

Chuma kilishuka, kikakaa juu ya mapaja ya baba watoto, kikagota hapo. Pembeni yake alikaa mwanangu mkubwa, miaka 10, mwembamba kama ufito. Kati ya chuma na mapaja ya mtoto palibaki nafasi ambayo ningepitisha boflo zima bila kugusa popote. Mhudumu akapita mbio, akavuta kile chuma mara moja, akaona hakijongei, akamwinulia mwenzake mkono kwamba treni iondoke. Mimi nilikuwa nje ya uzio na kapu mkononi. Nikapaza sauti: "Kaka, subiri! Huyo mtoto hajafungwa!"

Watu kwenye foleni walisonya, nikawasikia. Ikitokea tena leo nitapaza sauti vilevile.

Tangu turudi Bagamoyo kutoka kwenye bustani ya michezo kule Dar, majirani kadhaa wameniuliza safari ilikuwaje na kama nao wawapeleke watoto likizo ijayo. Jibu langu ni ndiyo, wapelekeni, watoto wetu wanastahili siku kama ile. Lakini kuna mambo nilitamani mtu angeniambia kabla, na kubwa kuliko yote ni hilo la chuma. Wacha nilimalize kwanza.

Kwenye rola kosta nyingi, yaani zile treni za michezo zinazopanda na kuteremka vilima vya reli kwa kasi, siti moja hukaliwa na watu wawili, na chuma cha kuwashika ni kimoja. Chuma kimoja kwa watu wawili hufuata mwenye mapaja manene. Kikigota kwake, kimegota kwa wote, hata kama mwenzake ni mtoto na kwake kumebaki pengo. Mhudumu akivuta ataona kimejifunga, na ni kweli kimejifunga, ila kimemfunga baba. Sisi wazazi ndio tunaokosea hapa kwa nia njema: tunamkalisha mtoto mdogo na mtu mkubwa kuliko wote ili "amshike". Hakuna mkono wa mtu unaoshika kwenye kitu kile. Mkalishe mtoto na ndugu yake wa kimo kimoja, kama masharti ya pale yanaruhusu, au na mtu mzima mwembamba. Kama kuna treni ambayo kila abiria ana chuma chake, chagua hiyo.

Akishakaa, mwambie asogeze makalio nyuma kabisa mpaka mgongo uguse siti, ndipo chuma kishuke. Watoto hupenda kukaa mbele kidogo ili waone, kisha treni ikianza wanarudi nyuma na pengo linazaliwa. Chuma kikae kwenye mapaja karibu na nyonga, kisibane tumbo. Halafu wewe mwenyewe pitisha kiganja. Kikipita kwa raha, usikubali. Na kama mhudumu anakukatalia kukagua, shukeni. Kiingilio kitapotea, lakini mtoto utarudi naye.

Ni mambo yanayotokea kileleni yaliyonifanya nilishike sana hili. Treni ikimaliza kupanda na kuanza kuteremka, mwili bado unataka kwenda juu. Ndiyo ile hali ya tumbo kupanda kifuani ambayo watu wanailipia. Kwa sekunde ile makalio yanainuka kwenye siti, na kinachokurudisha ni chuma tu. Pengo la boflo zima pale ndipo linapopata maana.

Yule mhudumu, baada ya kutazama vizuri, alikubali. Tena aliomba radhi. Ila sharti lao lilikuwa mtoto wa umri ule apande na mtu mzima, na mtu mzima mwembamba pale nilikuwa mimi. Sikuwa nimepanga kupanda. Sisi tuliokulia hapa pembea tunazozijua ni zile za sikukuu: visanduku vya mbao, nguzo, na vijana wanaozizungusha kwa mikono mpaka jasho linawatiririka. Nikampa baba watoto kapu, nikakaa. Chuma kikashuka kikatukamata sote wawili, mapaja yake na yangu. Nikapitisha kiganja, hakikupita.

Hapo nikakumbuka mtandio.

Kina mama wa pwani, hili ni letu, na mimi ni fundi cherehani kwa hiyo nguo naziangalia kila saa. Mtandio mrefu, ushungi unaoning'inia, buibui pana, khanga ya kujifunga, vyote hivyo havifai kwenye chombo chenye magurudumu na upepo. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, alifariki mwaka 1927 huko Nice, Ufaransa, kwa sababu mtandio wake mrefu ulinaswa na gurudumu la gari alilopanda. Gari la barabarani tu. Hatari hiyohiyo iko kwenye vigari vidogo vya mashindano ambavyo watoto wanavipenda sana, maana unakaa chini na magurudumu yako karibu na mgongo. Vaa hijabu ya kushonwa, ile ya kuvuta kichwani, ncha zake uzichomeke ndani ya nguo. Mimi sasa nimemshonea binti yangu moja ya kitambaa cha jezi, fupi, haina hata pini. Suruali pana chini ya gauni itakusitiri upepo ukivuma. Miguuni raba zenye kamba, ndala ziache nyumbani. Siku ile nilichomeka mtandio wangu kwenye kola kwa haraka, mikono inatetemeka, na mtu asifanye hivyo kwenye siti. Yamalizeni nje.

Treni ikaanza kupanda. Tak, tak, tak, tak. Mwanangu akaniuliza injini iko wapi, nami nikamwambia sijaiona. Baadaye nilielezwa kwamba haina: mnyororo unaivuta mpaka kilele cha kwanza, basi, kuanzia hapo inakwenda kwa uzito wake hadi mwisho. Ndiyo maana kilele cha kwanza kinazidi vyote, kwa sababu njiani upepo na msuguano vinaila nguvu yake kidogo kidogo, na kilima kinachofuata hakiwezi kuwa kirefu kuliko ilikotoka. Nikaona mapaa ya mabati, vichwa vya minazi, kisha sikuona kitu.

Tulipofika chini mtoto alikuwa analia. Huyu ndiye anayeruka kutoka kwenye ngalawa maji yakijaa, pale pwani karibu na soko la samaki, mpaka wavuvi wanamfukuza. Baba yake alifungua mdomo kutania, nikamtazama, akanyamaza. Nikamkalisha kivulini, nikampa maji, sikumuuliza kitu. Baada ya muda akasema mwenyewe: "Baharini ninajirusha. Hapa ninarushwa."

Maneno hayo nimeyafikiria sana kuliko yote ya siku ile. Tulikuwa na uhakika yeye ndiye jasiri na dada yake ndiye mwoga, na tulipanga siku nzima kwa kufuata hesabu hiyo. Hofu ya mtoto haitabiriki kwa jinsi anavyocheza nyumbani. Kwa hiyo usimwambie mtu mapema "wewe utapanda kile kikubwa", wala usimwambie mwingine "wewe hutaweza". Na anayelia asichekwe, hasa mvulana, maana mvulana akichekwa atapanda tena ili kufuta aibu, na atapanda huku hataki.

Kosa letu lingine ni kwamba tulianza na kubwa. Watoto walikuwa wameona kwenye simu ile rola kosta ya Abu Dhabi inayofika kilomita 240 kwa saa, ambayo abiria wake huvaa miwani ya kukinga macho, na wakaona kitreni cha pale ni kitu cha kitoto. Lakini hata dunia ilianza taratibu. Ile ya Mmarekani LaMarcus Thompson iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884, ilikwenda kama kilomita 10 kwa saa, na watu wazima walipanga foleni kuipanda. Anzeni na kitreni cha watoto, wote, hata baba. Mtoto akishuka anacheka, nendeni hatua inayofuata. Akishuka kimya, pumzikeni kwanza.

Binti yangu, miaka 8, asubuhi alikataa kabisa. Nilimwambia sawa, na nikamwambia hata tukirudi nyumbani hajapanda, hakuna atakayemsema. Akakaa na bibi yake kwenye benchi. Nilidhani anacheza, kumbe anahesabu. "Mama, zimeondoka treni 9 na watu wote wamerudi." Kilichomsumbua ni ule mlio wa tak-tak, alidhani kuna kitu kinavunjika.

Kulikuwa na kijana mwingine wa pale, mpole, nikamweleza. Akamchukua mpaka ukingoni mwa uzio, treni ikiwa imesimama tupu, akainama naye. Akamwonyesha magurudumu. Yako ya juu ya reli, yako ya ubavuni, na yako mengine yanaikumbatia reli kwa chini, ndiyo maana treni haiwezi kuruka ikatoka njiani. Kisha akamwambia kuhusu mlio. Chini ya behewa kuna kijichuma kinachodondokea kwenye meno ya reli, jino baada ya jino, ili mnyororo hata ukikatika treni isirudi nyuma. Ni jambo moja na baiskeli unapoacha kukanyaga pedeli, ule mlio wa nyuma. "Ukiusikia, ujue inakushika," alimwambia. "Ukinyamaza ndiyo umefika juu."

Alasiri akaja kunivuta mkono. Tukapanda pamoja, katikati ya treni. Mbele unaning'inia ukitazama shimo kwa muda mrefu, na nyuma unavutwa kileleni kwa nguvu kuliko wote, kwa hiyo mtu wa mara ya kwanza katikati ndiko kunamfaa. Nilimwambia asifumbe macho, atazame reli iliyo mbele, kichwa akiegemeze nyuma. Ukifumba macho sikio linajua unazunguka ila jicho halijui, na ugomvi wao ndio unaoleta kichefuchefu. Njia nzima alikuwa anapiga kelele za furaha. Kule juu alinibana mkono akasema, "Imenyamaza, mama!"

Alipanda mara 3. Kaka yake hakupanda tena, akaenda kwenye vigari vya kugongana ambako usukani ni wake, akafurahi mpaka jioni.

Mama mkwe tulikwenda naye, na nawashauri msimwache mzee nyumbani kwa kudhani hakuna chake. Ana presha, kwa hiyo rola kosta kwake ni marufuku, kama ilivyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye shida ya mgongo au shingo, na aliyetoka kupasuliwa karibuni. Vibao vipo mlangoni ila vimejaa maandishi na watu hawasomi. Mjamzito wa miezi miwili haonekani kwa macho, mhudumu hawezi kumjua, inabidi aseme mwenyewe. Mama alipanda farasi wa kuzunguka na kitinda mimba wetu, akapanda gurudumu kubwa mara 2. Kilichomchosha ni kukosa kivuli na kiti cha kuegemea. Piga simu kabla, uliza kuhusu kivuli, uliza pa kuswalia, uliza kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa, na uliza kama kiingilio ni cha mlangoni tu au na michezo yote. Hilo la mwisho tusipouliza tutapigwa hesabu mara mbili.

Kutoka hapa mpaka Dar ni kama kilomita 70, na foleni ya Tegeta na Mwenge mnaijua. Sisi tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, siku ya katikati ya wiki, shule zimefungwa. Msiende sikukuu yenyewe, mtasimama kwenye foleni mpaka watoto wasinzie. Asubuhi wapeni kitu chepesi, chai ya tangawizi na kitumbua kimoja au viwili. Tumbo tupu linatapisha sawasawa na tumbo lililoshiba wali. Wali uje baada ya michezo mikubwa kwisha.

Na mpimeni kila mtoto kabla hamjaondoka. Hili ni jepesi na linaokoa machozi mengi. Kule tulikokwenda alama ya treni kubwa ilikuwa sentimita 120. Futi kamba ya fundi ina sentimita 150, inatosha. Nilimsimamisha kila mmoja kwenye mwimo wa mlango, bila viatu, kitabu juu ya kichwa, nikachora mstari kwa penseli. Mkubwa alivuka, binti alivuka kwa vidole viwili, kitinda mimba, miaka 5, alikuwa na 104. Nikamwonyesha mstari wa 120 ulivyo juu yake, akaelewa palepale nyumbani. Kule kwenye lango hakulia hata kidogo, wakati mtoto wa mwenzetu mmoja alikuwa anagaragara chini kwa kurudishwa, na baba yake anabishana na mhudumu kuhusu sentimita 2. Usibishane kwa hilo. Chuma kimetengenezwa kwa mwili wa kimo kile.

Mistari bado iko mlangoni, sijaifuta. Juzi nilikuwa napinda suruali ya mteja, nikasikia kimya kirefu upande ule. Nikamkuta kitinda mimba amesimama mwimoni, futi kamba yangu mkononi, amejiinua kwa ncha za vidole, shingo ameivuta. Nikamshusha visigino taratibu, nikaweka kitabu kichwani, nikachora.

Sentimita 106.