Ziwa Amboseli hukauka, kinamasi cha jirani hakikauki

SWALI: Mhariri, mimi ni mfugaji wa Kajiado. Mvua kubwa zikinyesha, Ziwa Amboseli hujaa, kisha hukauka na kubaki vumbi jeupe, ilhali kinamasi cha Enkongo Narok kina maji mwaka mzima. Je, maji ya ziwa huzama na kutokea kinamasini? Na nikichimba kisima katikati ya ziwa lililokauka, nitapata maji ya kunywa?

JIBU: Maji ya ziwa hayaendi kinamasini. Kinamasi hulishwa na Kilimanjaro, hasa ukanda wake wa msitu, ambako mvua ni nyingi kuliko kwingine mlimani. Maji hupenya katika nyufa za miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini, na kububujika kuwa chemchemi pale mteremko unapokutana na uwanda. Wengi huamini kuwa chemchemi hizo hutokana na theluji ya kileleni, lakini mchango wa theluji ni mdogo sana, na kwa sababu hiyo mimi huhofia zaidi ukataji wa miti mlimani kuliko kupungua kwa barafu.

Ziwa lenyewe limelala juu ya udongo laini wa mfinyanzi, mabaki ya ziwa kubwa la kale. Udongo huo hupitisha maji kwa shida, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji ya mvua huishia kukaushwa na jua na upepo. Hata hivyo, maji ya ardhini hayako mbali na sakafu hiyo, na wakati wa kiangazi hupanda polepole katika vinyweleo vya udongo, kama mafuta yapandavyo utambini, hadi yanapogeuka mvuke na kuacha magadi na chumvi. Ukibandua ganda hilo jeupe kwa ncha ya fimbo, mara nyingi utakuta tope la kijivu lingali na unyevu. Katika miaka ya 1970 mtafiti David Western alieleza kuwa kupanda kwa maji hayo kulifikisha chumvi kwenye mizizi ya migunga na kuiua, ingawa baadaye ilionekana kuwa tembo nao walihusika sana.

Kwa hiyo usichimbe katikati ya ziwa, kwani utapata maji ya chumvi. Chimba upande unaoelekea mlimani, kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kisha upime floridi kabla watoto hawajaanza kuyanywa maji hayo, kwa sababu miamba ya volkano huweza kuipandisha kupita miligramu 1.5 kwa lita, na ikizidi hapo meno yao huweza kugeuka rangi ya kahawia.