Korg M50: sauti zinabaki, nyimbo zinapotea

SWALI: Fundi, habari za kazi. Napigia kwaya kinanda hapa Morogoro, natumia Korg M50 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nikirekodi nyimbo kwenye sikwensa (sehemu ya kinanda ya kurekodia) mambo yanakuwa safi, ila nikizima na kuwasha kesho yake hakuna hata wimbo mmoja. Ajabu ni kwamba sauti nilizozitengeneza mwenyewe zipo. Nilinunua kadi ya GB 16 ili nisevu humo, kinanda hakiitambui, hata nilipoifomati kwenye kompyuta. Nikaazima ya GB 1 kwa mwenzangu mwenye M50 kama yangu. Nyimbo zake zilizomo zinafunguka, ingawa vyombo vimevurugika: palipokuwa na tarumbeta panalia kitu kingine. Nikitaka kusevu zangu inaniandikia "Medium write protected". Fundi wa hapa mtaani anasema betri ya ndani imekufa, anataka shilingi 90,000 akifungue. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu, si kwa kazi hiyo. Jibu umelitoa mwenyewe uliposema sauti zako zipo. Kwenye vinanda vya zamani, kama Korg M1 ya mwaka 1988, memori ya ndani ilishikiliwa na betri bapa ya CR2032. Betri ile ikiisha, sauti na nyimbo vinaondoka pamoja, haichagui. M50 ilitoka 2008, na sauti unazoziandika ndani yake zinakaa kwenye memori isiyohitaji umeme wala betri. Kinanda kilichobakiza sauti na kuacha nyimbo hakijaharibika. Kimetengenezwa hivyo.

Ngoja nikueleze kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo wapigaji wengi wanapopoteza kazi zao. Ukirekebisha sauti, mabadiliko yanaingia kwanza kwenye memori ya muda. Ukihamia sauti nyingine bila kuyaandika, yamekwenda. Ukibonyeza REC/WRITE ukiwa upande wa PROG (sauti moja moja) au COMBI (kombi, yaani sauti kadhaa zilizounganishwa), ukathibitisha, yanaingia memori ya kudumu. Sasa rudi kwenye SEQ, yaani upande wa sikwensa. Kitufe hicho hicho cha REC/WRITE huku hakihifadhi chochote, kazi yake ni kuanza kurekodi. Sikwensa haina memori yake ya kudumu ya kutunzia nyimbo. Noti zote ulizopiga kwenye treki zako 16 ziko kwenye memori ya muda tu, na hiyo ni ubao wa darasani: kinanda kikizimwa, umefutwa. Umeme ukikatika katikati ya mazoezi ni hivyo hivyo.

Kuna mtego mwingine. Kwenye menyu ya SEQ utakuta amri inaitwa Save Template Song. Jina linavutia, mtu anaibonyeza akijua amemaliza kazi. Kesho akiwasha anakuta besi, piano na ngoma zimepangwa vizuri kama alivyoziacha, lakini treki ni tupu. Amri hiyo inatunza mpangilio wa vyombo na mipangilio ya treki. Ulichopiga haikigusi.

Kwa hiyo nyimbo zina mahali pamoja tu pa kukaa, kadi ya SD, na kadi haisevu yenyewe. Kabla ya kuzima, bonyeza MEDIA, gusa Save chini ya kioo, kisha fungua menyu iliyo kona ya juu kulia uchague Save All. Kinanda kitakutengenezea mafaili mawili yenye jina moja: lenye herufi PCG mwishoni lina sauti, kombi na mipangilio ya jumla, na lenye SNG lina nyimbo. Lipe jina fupi lisilo na nafasi katikati. Siku ukiurekebisha wimbo, sevu kwa jina jipya, usiandike juu ya lile la zamani. Mafaili haya ni madogo mno, huna haja ya kubana nafasi. Kioo kikionyesha kinaandika, usiguse kadi wala waya wa adapta. Kama kanisani kwenu mnahama kutoka umeme wa kawaida kwenda jenereta ibada ikiendelea, maliza kusevu kwanza.

Tuje kwenye kadi. Ile ya GB 16 itafutie kazi nyingine, kwenye simu au kamera. M50 inasoma kadi za SD za kawaida, zile zisizozidi GB 2. Kuanzia GB 4 kadi zinaitwa SDHC, na tofauti yake na zile ndogo haiko kwenye fomati peke yake. Kadi ndogo kinanda huiomba data kwa kuitajia namba ya baiti. SDHC hutaka itajiwe namba ya bloku, kila bloku ikiwa na baiti 512. M50 haiijui lugha hiyo ya pili. Ndiyo maana kuifomati kwenye kompyuta hakukusaidia, na hata ukiigawa ukapata kipande cha GB 2 haitasaidia, kwa sababu kadi yenyewe inabaki SDHC. Angalia karatasi ya juu ya kadi: ukiona HC pembeni ya nembo ya SD, iache dukani. Kadi ndogo za simu za zamani zinafaa ukizitia kwenye adapta ya SD, mradi zisizidi GB 2. Siku hizi GB 2 mpya ni adimu madukani. Uliza kwa wanaotengeneza simu na kamera, huwa wanazo kwenye droo. Ukiipata, ifomati kwenye kinanda chenyewe, MEDIA halafu Utility, baada ya kuhamisha chochote unachokihitaji, maana itafutwa yote.

Na tundu la USB lililo nyuma usihangaike nalo kwa flashi. Ni la kuunganishia kompyuta.

Kadi ya mwenzako inayokataa kuandikwa, itoe uitazame ubavuni kushoto. Kuna kidude kidogo kinachoteleza, pameandikwa LOCK. Kisukume kuelekea upande wenye miguu ya dhahabu, rudisha kadi, jaribu tena. Kama kidude kimeng'oka (kwenye kadi za kuazimana ni kawaida), kinanda kitaona pengo na kudhani umefunga. Kadi yenyewe haijui chochote kuhusu kufungwa, ni tundu la kinanda linalopapasa pale ubavuni. Kipande chembamba cha selotepu juu ya pengo kinatosha kulidanganya tundu. Kibandike vizuri kisije kikabaki ndani ya tundu, hapo ndipo utamhitaji fundi kweli. Ila hiyo ni kadi ya mtu mwenye kazi zake humo. Kopi mafaili yake kwenye kompyuta kabla hujaanza kuichezea.

Ujumbe mwingine unaofanana na huo ni "Memory Protected". Huo hauhusu kadi. Unamaanisha kuna alama ya tiki kwenye Memory Protect huko GLOBAL (upande wa mipangilio ya jumla), na kinanda kilichotoka kwa mtu mwingine mara nyingi huja nazo. Ondoa tiki ya Song, na ya Program na Combination ukitaka kuandika sauti.

Kuhusu tarumbeta iliyogeuka: faili la SNG halibebi sauti, linabeba namba. Wimbo wa mwenzako unasema "treki ya tatu, benki fulani, namba fulani", na kwenye kinanda chako namba hiyo ina kitu kingine. Unapofungua SNG kuna kiboksi cha kuuliza kama ufungue na PCG yake. Ukikitia tiki, nyimbo zitalia kama kwake, lakini sauti zake zitakaa juu ya zako. Usifanye hivyo kabla sauti zako hazijasevuwa kwenye kadi. Katika dirisha hilo hilo utaona Append na Clear. Append huziweka nyimbo zinazoingia nyuma ya zilizopo. Clear hufuta kwanza zote zilizomo, na hakuna kuzirudisha. Kama una wimbo hujausevu, chagua Append.

Zile ulizokwisha kuzipoteza kwa kuzima kinanda hazirudi, hakuna programu ya kuzifufua, kwani hazikuwahi kuandikwa popote. Faili lililofutwa kwenye kadi ni habari nyingine: usiandike kitu kingine juu ya kadi hiyo, ipeleke kwenye kompyuta, programu za kufufua mafaili zinaweza kuambulia kitu.

Wenye Yamaha Motif XS msijione mmepona. Nyimbo na patani za humo nazo hufutika mkizima, mnasevu kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32.

Sasa fanya jaribio hili kabla hujamlipa mtu. Pata kadi ya GB 2 au chini yake, ifomati kwenye kinanda, rekodi wimbo wa nusu dakika, Save All, zima, hesabu mpaka kumi, washa. Nenda MEDIA, upande wa Load, chagua faili la SNG, lifungue. Wimbo ukilia, kinanda ni kizima. Kama kadi tofauti zenye ukubwa unaofaa zote zinaleta "No medium", hapo tundu la kadi lina uchafu au miguu yake imelegea, na hiyo ndiyo kazi ya kumlipa fundi. Mwambie hivyo hivyo: kagua tundu la kadi. Akianza tena na habari za betri, kibebe kinanda chako uondoke nacho.