Maswali yenu: Shevchenko na koti la ngozi ya kondoo

Toleo lililopita niliandika kuhusu Taras Shevchenko (1814–1861), mshairi na mchoraji wa Ukraine, na picha ya mwaka 1860 aliyojichora mwenyewe akiwa amevaa kofia ya manyoya na koti la ngozi ya kondoo. Mmeniandikia mengi. Nimechagua haya matano.

Huyu alikuwa msomi wa St. Petersburg, jiji kuu la Urusi wakati huo. Kuvaa koti la mwanakijiji si maigizo? (Msomaji, Dodoma)

Ndugu yangu, hili ndilo swali lenyewe. Shevchenko alizaliwa mtwana katika kijiji cha Moryntsi, yaani alikuwa mali ya bwana mwenye shamba, naye bwana huyo aliweza kumuuza. Mwaka 1838 mchoraji Karl Bryullov alichora picha ya mshairi Zhukovsky, ikachezewa bahati nasibu, na fedha hizo, rubo 2,500, zikamnunulia kijana huyu uhuru wake. Lakini ndugu zake wa damu hawakununuliwa. Mwaka 1859 alirudi Ukraine kuwaona, akawakuta wangali watwana. Mwaka uliofuata Akademia ya Sanaa ikampa cheo cha msomi wa uchoraji wa bamba (kuchora kwenye shaba na kuchapa nakala), na katika mwaka huohuo akajichora, kwa njia hiyo ya bamba, akiwa na mavazi ya kwao. Mimi sioni maigizo hapo. Namwona mtu aliyepanda cheo akakataa kujitenga na walioachwa shambani.

Je, alijichora hivyo tangu ujana?

Hapana. Picha yake ya mwaka 1840 inaonyesha uso tu wa kijana ukitokeza gizani, nywele zimevurugika, macho makali. Hakuna vazi la kukuambia katoka wapi. Anachotaka ujue ni kwamba yeye ni msanii. Mwaka huohuo, hata hivyo, alitoa *Kobzar*, mashairi yake kwa Kiukraine. Utaifa wake ulianzia kwenye lugha, ukafika kwenye picha baadaye.

Nimesoma kwamba shajara yake ni ya Kirusi. Sasa Uukraine wake uko wapi? (Mwalimu, Mombasa)

Ni kweli, Mwalimu, shajara na hadithi zake ndefu ni za Kirusi. Mashairi ni ya Kiukraine, na ndiyo yaliyomponza. Mwaka 1847 alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Orenburg, mbali huko Urusi, kama askari wa kawaida, na Nikolai wa Kwanza, mfalme wa Urusi iliyoitawala sehemu kubwa ya Ukraine, akaongeza kwa mkono wake: asiandike, asichore. Aliandika mashairi kwenye vidaftari vidogo, akavificha ndani ya buti. Akajichora pia na kofia ya askari. Mtu aliyepigwa marufuku kuchora, akachora uso wake mwenyewe! Picha hiyo hainitoki kichwani kuliko ile ya koti, ingawa haina alama yoyote ya taifa.

Kwa nini alitumia bamba la shaba badala ya rangi?

Rangi alizitumia pia. Ila bamba hupakwa kitu kama nta, huchorwa kwa sindano, kisha asidi hula pale palipokwaruzwa. Wino hujazwa humo na karatasi hukandamizwa juu. Bamba moja hutoa nakala nyingi. Picha ya rangi huning'inia kwa tajiri mmoja, nakala husafiri. Waukraine wengi wanamjua kwa kofia ile na masharubu yale yaliyoinama.

Msomaji mmoja wa Kampala ameuliza kama mchoraji huyu aliwahi kumchora mtu mweusi. Ndiyo. Mwaka 1858 alimchora Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka New York aliyekuwa akicheza tamthilia za Shakespeare jijini Petersburg. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mabinti wa nyumba ya Fyodor Tolstoy, kiongozi katika Akademia ya Sanaa, waliwatafsiria. Shevchenko alizaliwa mtwana. Mwenzake alizaliwa huru, lakini weusi wenzake kwa mamilioni huko Marekani walikuwa bado watumwa. Walikaa wakaimbiana nyimbo za kwao.