Maswali ya Wasomaji: Geuza ganda kabla ya kuandika jina

Swali: Ndugu Mhariri, kwenye mchanga wa matumbawe hapa Unguja nimeokota vidude mfano wa adesi, vinang'aa, upana kama milimita moja. Mimi nimeandika Amphistegina, mwenzangu anashikilia ni Operculina. Nani kakosea? Na hivi vya hudhurungi na vyeupe ni spishi mbili?

Jibu: Ndugu msomaji, ulivyookota ni maganda ya foraminifera, viumbe vidogo sana vya baharini; Amphistegina na Operculina ni jenasi zao mbili, yaani makundi ya spishi zenye undugu. Tunaegemea upande wako, ila umeangalia uso mmoja tu au zote mbili? Makosa mengi huanzia hapo. Operculina hujizungusha kama kamba iliyokunjwa juu ya meza, kwa hiyo nyuso zake mbili zinafanana. Amphistegina hujizungusha kama konokono bapa, na nyuso zake hazilingani. Ukigeuza upande wa kitovu, yaani uso wenye tundu au kibonyeo katikati ya mzunguko, utaona vijumba vya ziada vimejipanga kama nyota. Mlango ni mpasuko mwembamba upande huohuo, na eneo linalouzunguka lina vipele vidogo.

Nyota peke yake haitoshi, maana Asterigerina, jenasi nyingine ya foraminifera, nayo inayo. Hesabu vyumba: vya Amphistegina ni vingi, vyembamba, na vikifika ukingoni vinapinda nyuma kwa ghafla. Kuta za ndani hazionekani vizuri ganda likiwa kavu. Tia tone la gliserini, litakuwa kama kioo.

Jenasi hii ya Amphistegina aliipa jina mwanasayansi Mfaransa d'Orbigny mwaka 1826, wakati yeye mwenyewe akiamini foraminifera ni jamaa wa pweza na ngisi! Mfaransa mwenzake Dujardin ndiye aliyeonyesha, mwaka 1835, kwamba ni viumbe sahili visivyo na undugu na pweza. Leo twajua ni vya seli moja. Sasa jenasi imo katika oda ya Rotaliida, familia ya Amphisteginidae, iliyoundwa na Cushman mwaka 1927.

Kuhusu spishi, usidanganywe na unene. Penye maji machache na mwanga mkali ganda hunenepa; kadiri kina kinavyoongezeka huwa bapa, hata ndani ya spishi moja. Tazama kuta za vyumba: za Amphistegina lobifera zimekunjamana kama ukingo wa jani lenye ndewe, za A. lessonii zimenyooka zaidi. Kwa hiyo kila kichupa kiandikwe kina cha maji pale ulipochota mchanga. Bila hiyo kazi yote ni bure.

Rangi si spishi. Hudhurungi ni daiatomu, yaani mwani mdogo sana, zinazoishi ndani ya kiumbe na kumlisha. Cheupe chote mara nyingi ni ganda tupu. Chenye mabaka meupe huenda kiko hai ila kimepoteza daiatomu zake, kama ilivyoonekana kwa A. gibbosa huko Florida kuanzia mwaka 1991.

Swali: Niyasafishe kwa siki?

Jibu: Hapana! Ganda ni chokaa tupu, siki italila mbele ya macho yako. Chukua mililita 50 za mchanga, suuza kwa maji ya bomba juu ya chekecheo la maikroni 250, kausha kivulini, kisha mwaga kidogo kidogo kwenye sahani nyeusi. Okota kwa brashi namba 000 iliyoloweshwa kidogo. Ikilowa sana ganda hung'ang'ania nywele zake. Wala usiyaache siku nyingi kwenye maji yaliyotoneshwa: nayo hula chokaa polepole, na vipele vya mlangoni ndivyo vinavyotangulia kufutika.