Muda bora baada ya miaka 33: ni dawa?

Ndugu, umeuliza kama mkimbiaji wa mita 100 anayeweka muda wake bora akiwa na miaka 33 lazima awe anatumia dawa za kuongeza nguvu. Hapana. Kim Collins, mkimbiaji wa Saint Kitts na Nevis, aliweka muda wake bora, sekunde 9.93, mwaka 2016 akiwa na miaka 40. Upepo wa kumsukuma kutoka nyuma siku hiyo ulikuwa 1.9, chini kidogo ya kikomo cha mita 2.0 kwa sekunde ili muda ukubalike kama rekodi, kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu soma kipimo cha upepo.

Kisha linganisha misimu minne au mitano, si mbio moja. Umri hupunguza kasi taratibu: hatua zinafupika, mguu unakawia kuachana na ardhi. Kasi ikiporomoka ghafla, mara nyingi ni jeraha, hasa msuli wa nyuma ya paja, na akipona anaweza kurudi juu bila dawa yoyote.

Justin Gatlin, mkimbiaji wa Marekani, alishukiwa kwa sababu ya historia yake: alifungiwa miaka minne kwa kosa la dawa hizo hadi 2010. Kumshuku mtu kwa umri tu ni kumwonea. Anayeweza kuthibitisha ni maabara, pamoja na pasipoti ya kibaolojia, inayolinganisha vipimo vya mwanariadha na vyake mwenyewe vya miaka iliyopita.