Jibu: Tochi ya kuweka garini, ya kuchaji au ya mawe (betri za kubadilisha)?
Sheikh, kwa safari zako za usiku Chake–Wete, Pemba, mimi nakwambia chukua ya mawe. Gari ikishinda juani, joto la ndani huchakaza betri ya kuchaji, na siku ya pancha ndipo unapoikuta imekwisha. Nunua inayotumia mawe madogo ya AA, yale hata duka la kijijini yapo. Ukipata ya lithiamu yasiyochajiwa ndiyo bora: huvumilia joto hadi nyuzi 60 na hayavuji ovyo kama alkalini. (Yangu ya kwanza ilioza kwa mawe niliyoyasahau ndani mwaka mzima!) Tochi ikiwa na alama ya IPX7, yaani haiingii maji, mvua ya masika haitaidhuru. Ya kuvaa kichwani ndiyo raha yenyewe, mikono yote miwili inabaki kwenye spana.