Shangazi, nakopa huku nilipe kule na mume wangu hajui

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, nakaa Tabata, nipo mapokezi kwenye ofisi moja mjini. Mshahara ni 700,000 ila inayoingia mkononi ni 588,000. Mume wangu ni fundi aluminiamu, yeye analipa kodi ya nyumba, mimi chakula, luku, gesi na shule ya awali ya mtoto. Mwezi wa tatu nilikopa 100,000 mtandaoni ili nichangie harusi ya binamu yangu, wakanipa 78,000, nirudishe 115,000 ndani ya siku 14. Sikuwa nayo, nikakopa kwingine nikalipa. Saivi nina mikopo minne, jumla 410,000, na mwenzangu wa kazini ananidai 90,000. Wiki iliyopita wamemtumia wifi yangu meseji kwamba mimi ni tapeli. Wifi hajasema kitu, ila naona ananitazama vibaya.

Kikoba ninacho, naweka 40,000 kila mwezi, nimefikisha 360,000, na mtu anaruhusiwa kukopa mara mbili ya akiba yake, riba 10 kwa 100, miezi mitano. Ila mweka hazina ndo huyo huyo wifi kwa hiyo sijawahi kukopa. Kuna mama mtaani anatoa laki tano, anashika kadi ya benki, unarudisha laki saba kwa miezi miwili. Nimewaza nichukue nilipe wote nibaki na deni moja. Nimebana mpaka basi, hata maziwa ya mtoto nimepunguza. Matumizi yangu yote nimekuandikia hapo chini. Usiku simu ikilia natoka nje kuipokea ili mume asisikie. Nifanyeje?

Aliyechoka, Tabata

Marahaba mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua daftari nikakaa na hesabu zako kama vile ni za nyumbani kwangu, maana hapo kwenye maziwa ya mtoto nilishindwa kupita. Kitu cha kwanza, hayo maziwa rudisha leo. Sio kesho. Hapo sio pa kubana.

Sasa hesabu. Nauli daladala mbili kwenda mbili kurudi kwa 600 kila moja, siku 22, ni 52,800. Chakula cha mchana kwa mama lishe 3,500 kwa siku, 77,000. Chakula cha nyumbani 180,000. Luku 30,000, gesi mtungi mdogo 25,000, mama yako Singida 50,000, kikoba 40,000, michango 60,000, bando 20,000, shule ya mtoto 50,000. Nimejumlisha imekuja 584,800. Kwenye 588,000 unabaki na 3,200. Kwa hiyo mwanangu wewe sio mtumiaji ovyo, na wala usikubali mtu akwambie hivyo, hakuna soda hapo hakuna saluni, nimetafuta hata vocha ya starehe sijaiona. Umebana kweli. Tatizo ni kwamba unabana pale ambapo hakuna anayekuona, afu pale ambapo watu wanakuona unalegeza, na hiyo tofauti ndo unaijazia kwa mikopo.

Angalia huu mkopo wako wa kwanza. Ulipewa 78,000 ukarudisha 115,000, yaani 37,000 imepotea ndani ya wiki mbili, karibu nusu ya hela uliyoshika mkononi. Kanuni za hawa wakopeshaji wadogo chini ya ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 zimeweka riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, na asilimia 3.5 ya 78,000 ni 2,730. Elfu mbili mia saba na thelathini! Wewe umelipa elfu thelathini na saba kwa nusu mwezi. Na ukizungusha mara mbili kwa mwezi ni 74,000, inazidi hata michango yako yote, inakaribia kabisa hela yako ya chakula cha mchana.

Na wakati wote huo ulikuwa na kikoba. Una akiba 360,000, ungeweza kukopa mpaka 720,000 kwa riba ya 10 kwa 100, tena riba yenyewe inarudi kwenye mfuko wenu mnakuja kugawana. Hukwenda kwa sababu ya wifi. Hapo ndo nataka tukae kidogo mwanangu, maana kwenye orodha yako hukuandika hilo fungu na ndo kubwa kuliko yote: unalipa ili wifi asijue, ili mume asijue, ili kamati ya harusi isijue, ili mama asijue. Kuficha kunakugharimu kuliko gesi na luku zikiwekwa pamoja.

Halafu wifi ameshajua. Ile meseji ameipata, ameisoma, na wiki nzima imepita hajamwambia kaka yake, hajaipeleka kwenye grupu la kikoba, hajakusema kwa majirani. Wewe unaona anakutazama vibaya, mimi kwa mbali huku naona mtu anayesubiri umwambie mwenyewe. Naweza kuwa nakosea, wewe ndo unamjua. Lakini mtu mwenye nia mbaya akipewa meseji ya namna ile hawezi kukaa nayo wiki nzima.

Huyo mama wa laki tano usiende. Tafadhali. Laki saba kwa miezi miwili ni 350,000 kila mwezi, ukitoa kwenye 588,000 unabaki na 238,000, nyumba yako inakula 180,000 peke yake, sasa nauli, luku, shule utatoa wapi? Utakopa. Na kadi anayo yeye na namba ya siri ameijua, siku ya mshahara anafika benki kabla yako, anakuachia anachotaka kukuachia. Hii mikopo watu hawakuiita kausha damu kwa kutafuta jina la kuchekesha. Mimi mwaka 2011 niliweka cherehani yangu rehani kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, nilitaka hela ya sare na mchango wa harusi, nikajiambia ni mwezi mmoja tu. Cherehani sikuikomboa. Nilikuwa naishonea wateja, ndo ilikuwa inalisha watoto wangu, na ile sare niliivaa siku moja. Mpaka leo nikipita kwenye duka la mafundi nikasikia ile sauti naumia, ndo maana nakwambia kwa nguvu hivi.

Kwa hiyo anza na mume wako. Usimwambie usiku mmechoka, wala asubuhi akitoka kwenda kazini. Jumamosi mtoto akilala, kaa naye na hiyo orodha uliyoniandikia mimi, iwe kwenye karatasi. Usianze na kulia na usianze na "usikasirike". Mwambie namba kwanza: nadaiwa laki tano, laki nne na kumi za mtandaoni na elfu tisini za mwenzangu, nilianza hivi na hivi, sijampa mtu kadi, na nina njia ya kulipa ila nahitaji ujue. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika kwa kufichwa, mpe muda wake. Ila fundi aluminiamu anajua madeni, hakuna fundi ambaye hajawahi kupokea advansi ya kazi moja akanunulia vifaa vya kazi nyingine. Ila kama mume wako ni mtu wa kunyanyua mkono, hukuandika hivyo lakini lazima niseme, basi usiongee naye mkiwa peke yenu, tafuta mkubwa anayemheshimu akae hapo.

Kisha wifi, kabla ya siku ya kikao cha kikoba, sio siku yenyewe mbele za watu. Nenda kwake. Mwambie wifi najua ulipata ile meseji, naomba unisamehe kwa usumbufu, nataka kukopa laki tano kwenye kikoba nifute yote. Hapo unarudisha 550,000 kwa miezi mitano, 110,000 kila mwezi.

Utaitoa wapi 110,000 wakati unabaki na 3,200? Nimeitafuta. Chakula cha mchana, nunua Ijumaa tu, siku nyingine beba cha nyumbani kwenye hotpoti, wali maharage wa jana hauna aibu yoyote, hata ukiweka Ijumaa tano kwa mwezi ni 17,500, umeokoa 59,500, toa 15,000 uongezee chakula cha kupika nyumbani ibaki 44,500. Hapo kwenye maharage loweka usiku mzima ndo uchemshe, na uchemshe mengi kwa mara moja uyagawe, ule mtungi utaona unasogea siku kadhaa mbele. Na mafuta ya kupima kila siku dukani acha, ile ya mia tano mia tano ndo bei ya juu kabisa ya mafuta, bora dumu la lita tano hata mkigawana na jirani.

Michango, kutoka 60,000 iwe 20,000, umeokoa 40,000. Bando, 15,000, umeokoa 5,000. Mama, nitakuja hapo, umeokoa 20,000. Jumla 109,500, jumlisha na zile 3,200 zako ni 112,700. Inatosha, na inabaki 2,700. Kikoba chako cha 40,000 hujakigusa, chakula cha nyumbani hujakipunguza, na mume wako akikuongezea hata kidogo, iende kwenye maziwa.

Ya mama yako ndo ngumu, najua. Kumwambia mzazi unapunguza kutoka 50,000 hadi 30,000 inauma kwenye koo. Lakini mama anadhani una laki saba. Hajui kwamba NSSF inachukua 70,000 na kodi ya mshahara 42,000 kabla hujaiona, na hajui kwamba kila akisema "na ya kutolea" kuna siku umekopa hiyo ya kutolea. Mpigie Jumapili, mweleze, mwambie ni miezi mitano tu kisha unarudi pale pale. Na muulize kama anaweza kukutumia galoni ya mafuta ya alizeti kwa basi, Singida mafuta hayo yapo tele na wazazi wetu wanapenda kutoa, wanachoka kuwa watu wa kupokea tu. Hapo unapunguza tena kwenye chakula.

Kamati za harusi sasa. Hakuna sheria kwamba kadi ya laki ukiipokea una deni. Andika mapema, kabla hawajakuandika jina na ahadi: "Hongereni sana, nimepokea kadi, mchango wangu ni 20,000 nitatuma tarehe 28, sare sitaweza." Basi. Usieleze sababu, ukieleza wataanza kukutatulia. Atakayenuna atanuna wiki mbili, harusi itafanyika, na wewe hutakuwa na meseji ya tapeli kwenye simu ya wifi.

Kuhusu hawa wa mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, ikazipiga marufuku. Angalia kama hao wako wanne wamo. Hela uliyopokea ni deni, ilipe, tena ukilipa omba uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza. Lakini hizi faini wanazoongeza kila siku usizikubali kimya kimya, waulize kwa maandishi zimetoka wapi na wana leseni gani. Na kumtumia wifi yako meseji kwamba wewe tapeli hawana ruhusa hiyo, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, malalamiko yanapokelewa. Usifute meseji zao hata moja, zipige picha za skrini, na ingia kwenye mipangilio ya simu uwafungie ruhusa ya kusoma majina ya watu uliowahifadhi kwenye simu. Kufuta tu programu hakufuti deni, na majina wameshayachukua, lakini angalau hawatachukua mapya.

Mkianza kulipa, anza na huyo wa kazini au wa mtandaoni? Ukipata laki tano ya kikoba lipa wote siku moja, mwenzako wa kazini umpe mkononi na umshukuru, amekaa na 90,000 yake bila kukutangaza. Ila ikatokea kikoba wamekupa pungufu, tanguliza wa mtandaoni ambao siku zao zimefika, maana hao ndo wanaongeza kila siku, na mwenzako umwambie tarehe ya kweli, sio "kesho kutwa".

Mwezi wa sita tangu ukope kikoba, deni likiwa limeisha, ile 110,000 usiiruhusu ipotee. Mama arudishiwe 20,000 yake kwanza, maana ulimwahidi. Elfu hamsini iende kwenye akiba ya dharura isiyokuwa kwenye simu unayoishika kila saa, iliyobaki mtaamua na mume wako mkiwa mmekaa wote.

Kuna jambo umeandika mwishoni kabisa, kwamba usiku simu ikilia unatoka nje kuipokea ili mume asisikie. Jumamosi hii ukishaongea naye, hiyo simu ilaze sebuleni, iwe imezimwa, ulale. Jumatatu niandikie wifi alisemaje.